Wadeni 23, jumla 1,460,000: nibandike majina mlangoni au ninyamaze?

MamaDuka_Sofia (mwenye uzi)

Wapendwa, nisikilizeni kabla hamjanihukumu. Nina duka hapa Sofia, Busia upande wetu wa Uganda. Si duka kubwa: sukari, posho (unga wa mahindi), sabuni ya mche, mafuta ya kupima, mukene (dagaa), vocha, na friji moja ya soda ambayo yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha inageuka kabati. Jana usiku nilifunga mapema nikakaa na daftari. Watu 23. Jumla shilingi 1,460,000. Kwa duka kama langu hilo ni nusu ya duka, limetoka mlangoni kilo moja moja.

Deni kubwa kuliko yote ni 212,000, na si la maskini. Ni la bwana mmoja mwenye gari na mshahara. Mwisho wa mwezi namwona anapita mbele yangu na mifuko ya supamaketi, ananipungia mkono vizuri kabisa. Pesa anapeleka kule, kwangu analeta shida za tarehe 20.

Deni linaloninyima usingizi ni 84,000, la mama mmoja anayekaa nyuma ya duka. Mumewe alikuwa wa boda, akagongwa na lori mwaka juzi. Sukari robo, posho kilo, kiberiti, tena posho kilo. Akishapokea anasema, "Andika." Hajawahi kunikwepa. Hata asipokuwa na kitu anapita hapa hapa mbele, ananisalimia, anauliza hali ya watoto. Wengine wenye pesa wanazunguka njia ya nyuma kama wezi.

Haya yote yalianza 2020. Mpaka ulipofungwa yakawa yanapita malori tu, na nusu ya mtaa huu wanakula kwa kuvusha watu na mizigo midogo. Nilikopesha kila aliyeomba. Sijutii hata leo. Ila corona iliisha, neno "andika" halikuisha.

Sasa mwenye duka la jumla ananidai mimi. Kanipa mpaka Ijumaa ijayo. Jirani yangu mwenye duka la vipuri alibandika majina ya wadeni wake mlangoni na anasema walilipa ndani ya siku tatu. Nimenunua manila na kalamu ya maka. Kichwa nimeshaandika kwa herufi kubwa: WAFUATAO WALIPE MADENI YAO. Chini yake hakuna jina hata moja. Mkono umegoma.

Nifanyeje?

Fundi_Tororo

Bandika.

Fundi_Tororo

Naongeza, maana mtasema nina roho mbaya. Mimi nashona gomesi na kanzu. Mtu anakuja Jumatano: "Fundi nihurumie, kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) ni Jumamosi, nitamalizia wiki ijayo." Nakesha, taa ikizimika natumia tochi ya simu. Jumamosi naona picha, kapendeza, kila mtu anauliza nani alishona. Wiki ijayo simu haipokelewi. Huruma ilikuwa yangu, picha ni zake. Mama, bandika, tena uanze na huyo mwenye gari.

Nyanya_Kalerwe

Mnaongea kama huruma ni kazi ya muuzaji peke yake. Mimi niko Kalerwe, Kampala, nauza nyanya na vitunguu. Hebu niwaulize ninyi mnaonunua.

Unaingia supamaketi, nyanya zimefungwa kwenye plastiki, bei imebandikwa, unalipa, hata "punguza" hujawahi kumwambia yule binti wa kaunta. Ukifika kwangu fungu ni 2,000, unataka 1,500, nikikubali unataka nyongeza, nikiweka nyongeza unachagua wewe ile kubwa. Na gari umeliacha linanguruma. Sikatai kupatana bei, soko bila kupatana bei halina ladha na mimi mwenyewe napatana na wenye lori alfajiri. Lakini kuna mtu anapatana mpaka faida yangu yote ya fungu lile inaingia kwenye mfuko wake, halafu anaondoka akicheka amenishinda. Amemshinda nani? Saa kumi na moja jioni nyanya zimeanza kulainika, mvua inanukia, mteja anajua lazima niuze. Hiyo saa ndiyo najua nani ana moyo na nani hana.

Machi 2020 Rais alipotangaza kwamba wauza vyakula tulale sokoni tusirudi nyumbani, nililala hapa. Juu ya magunia, chini ya chandarua, watoto nawaona kwa simu. Kuna mteja mmoja alikuwa anakuja kwa miguu, maana magari yamezuiwa, ananunua fungu kwa bei niliyosema, kisha anaacha chupa ya chai. Mpaka leo huyo hapatani na mimi. Nikimwona namuwekea nyongeza kabla hajatoa pesa.

Boda_Malaba

Dada Kalerwe umenichoma. Acha na mimi niungame.

Januari 2022 madereva wa malori waligoma mpakani kwa sababu ya kulipishwa kipimo cha corona. Foleni Malaba ilikuwa ya kilomita nyingi, mafuta yakakauka nchini, petroli iliyozoeleka chini ya 5,000 ikafika 10,000 lita, na mahali pengine zaidi. Mimi nilikuwa na jerikeni ya lita 20 ndani. Nikasema Mungu ameniona. Safari ya 2,000 nikafanya 8,000.

Kuna nesi mmoja nilikuwa nampeleka zamu ya usiku tangu ile lokidauni ya kwanza. Siku ile nikamwambia 8,000. Hakubishana, hakunitukana. Alitoa noti, akapanda, akashuka, akasema asante. Mafuta yaliposhuka nikangoja simu yake. Hajanipigia mpaka leo. Namwona asubuhi nyuma ya mwenzangu, tunasalimiana.

Nimepiga hesabu mara nyingi. Faida ya zile siku chache nilishaila zamani. Zamu za usiku za nesi ni karibu kila wiki, miaka yote hii.

Mwl_Iganga

Mama wa Sofia, nakuomba usibandike, nami nasema nikiwa nimewahi kubandikwa.

Mwaka jana mtoto aliugua, mshahara umechelewa, nikakopa 150,000 kwenye programu ya simu. Sitaitaja. Ulipokuwa unaisakinisha ilikuomba ruhusa ya kusoma namba zote ulizohifadhi, na mimi kama watu wote nikabonyeza kubali, kubali, kubali. Nilichelewa siku nne. Siku ya tano ujumbe ulienda kwa mkuu wangu wa shule, kwa shehe, kwa mama mkwe, na kwa mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sikumbuki hata kwa nini nilikuwa na namba yake. "Mtu huyu ni tapeli, mwambieni alipe." Nililipa siku ile ile, nikaazima kwingine ili nilipe. Kwa hiyo wao wakasema mbinu imefanya kazi.

Ila mama mkwe hajauliza mpaka leo. Ningependa aulize.

Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Haikutungwa kwa ajili ya simu na kompyuta tu, inahusu taarifa za mtu popote zilipokusanywa. Mtu alikupa jina lake akopeshwe sukari, hakukupa ulipeleke mlangoni.

Fundi_Tororo

Mwalimu pole. Lakini wewe ulichelewa siku nne. Wangu wamechelewa kwanjula tatu na watoto wameshazaliwa.

Mkopeshaji_Mbale

Wengi hapa mtanichukia kwa jina tu. Mimi ni mkopeshaji, nina leseni chini ya ile Sheria ya 2016 ya mikopo midogo na wakopeshaji, naihuisha kila mwaka. Hizo programu za kuvunjia watu heshima zinatuharibia na sisi.

Nawaambia ukweli wa ofisini kwangu. Mtu anayelia siku ya kukopa si yule anayelia siku ya kulipa. Siku ya kukopa ana machozi ya kweli, na ukimhurumia ukampa kuliko anachoweza kurudisha, wewe ndiye umemfunga kamba. Nimemnyima mama mmoja milioni mbili, nikampa laki tatu, akanilaani mbele ya wafanyakazi wangu. Alizilipa zile laki tatu. Milioni mbili zingemla kiwanja.

Na riba? Mwaka 2024 serikali iliweka kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi. Kabla ya hapo mitaani watu walikuwa wanatoza 10, 20, na zaidi, wengine wanashika hadi kitambulisho cha taifa na kadi ya benki ya mtu, mambo ambayo sheria inakataza. Wenzangu walipiga kelele kwamba kikomo kitatuua. Kuna waliofunga milango, kuna waliorudi kukopesha gizani bila risiti. Mama wa Sofia, wewe unatoza sifuri. Halafu unaona haya kudai! Kudai si ukatili. Anayekaa kimya miezi kumi halafu akabandika jina ghafla, huyo ndiye mkatili.

Hajjati_Bombo

Assalamu alaikum wote. Mimi ni Mnubi wa Bombo, duka letu lilikuwa la marehemu baba, daftari lake la kwanza bado lipo.

Qur'ani, Al-Baqara aya ya 280, inasema mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka afarijike, na kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Watu wanaipenda aya hiyo hasa wakiwa wanadaiwa. Mbona wanasahau ile ndefu inayoifuata karibu, 282, inayoamuru deni liandikwe, pawe na mwandishi na mashahidi, lisipuuzwe liwe dogo au kubwa? Baba alikuwa anasema huruma na kalamu zimewekwa jirani kwa makusudi.

Desturi yake ilikuwa hii. Deni likizidi miezi mitatu anavaa kanzu, anaenda nyumbani kwa mtu baada ya isha, gizani. Habebi daftari. Anakunywa chai, anaulizia mashamba, akiwa anaondoka mlangoni anasema, "Lile jambo letu." Basi. Hakuna mtoto aliyesikia. Akikuta nyumba ina njaa, hata hilo hasemi, anarudi zake.

Boda_Malaba

Hajjati, na akikuta nyumba ina televisheni mpya ukutani?

Hajjati_Bombo

Hapo chai alikuwa hamalizi.

Elgon_Kahawa

Niruhusuni niipeleke mada mlimani kidogo. Hata huko mbali mtu anapokunywa kahawa yetu asubuhi kuna swali hili hili.

Karibu na Mbale kuna chama cha ushirika, Mirembe Kawomera, kilianzishwa 2004. Wakulima Waislamu, Wakristo na Wayahudi wetu wa Abayudaya pamoja. Aliyewakusanya, J. J. Keki, alikuwa New York siku ile ya mashambulizi ya Septemba 2001, akarudi na wazo kwamba watu wa dini tatu wanaolima kahawa ile ile wanaweza kuuza pamoja. Wanunuzi wa Marekani wakakubali kulipa bei ya Fairtrade, yaani biashara ya haki, pengine na hadithi pia waliinunua, si vibaya.

Jinsi inavyofanya kazi: kuna bei ya chini ambayo mnunuzi hashuki hata soko likianguka. Kwa arabika iliyooshwa ilikuwa dola 1.40 kwa ratili mpaka Agosti 2023 ikapandishwa 1.80, na juu yake senti 20 za maendeleo ya kijiji. Soko likiwa chini, hiyo ni huruma yenye namba. Lakini Februari 2025 soko la dunia lilipita dola 4. Hapo bei ya chini inalala usingizi, na dalali anakuja mpaka shambani na pesa mkononi. Mkulima aliyelindwa miaka yote na ushirika anamuuzia dalali, chama kinabaki na mkataba bila magunia. Nani hana huruma hapo? Mimi nimewahi kumuuzia dalali. Ada za shule hazingoji mkutano mkuu.

Na la mwisho: kuuza ua. Wa kahawa wananielewa. Februari watoto wanarudi shule, kahawa bado iko kwenye maua, mtu mwenye pesa anakuja anasema, "Pole sana ndugu, chukua hizi, mti ule ukizaa ni wangu." Anakuja kwa sauti ya huruma kabisa. Baba yangu aliuza ua miaka miwili mfululizo. Msimu ukifika tulikuwa tunachuma kahawa yetu wenyewe kama vibarua.

Kikuubo_Jumla

Elgon, nzuri, ila turudi Busia, mama ana mpaka Ijumaa.

Mimi niko upande wa huyo anayemdai. Nauza kwa jumla hapa Kikuubo, Kampala, na ninyi wa rejareja mnafikiri sisi tuna ghala la pesa. Mzigo wangu nao nimeuchukua kwa mali kauli. Mama akikopesha mtaa, anaukopesha mali yangu mimi bila kuniuliza.

Lakini kuna jambo nalitazama. Mwenye duka akija na machozi tu, simuongezei siku. Akija na daftari lenye tarehe na kiasi, nikaona pesa yangu iko wapi, nampa wiki mbili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama, mpelekee huyo bwana daftari.

MamaDuka_Sofia

Asanteni. Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Mwalimu, nilisoma yako nikaacha kula.

Kaka wa Kikuubo, wazo lako zuri lakini limenipa shida nyingine. Yule bwana wa jumla anaishi mji huu huu. Daftari langu lina majina ya watu anaoswali nao. Humo mna jina la mtu ambaye mtaani anaonekana tajiri, na kwangu anakopa pedi za binti zake. Nitamfunguliaje?

Kikuubo_Jumla

Weka rula juu ya majina. Mimi nataka tarehe na kiasi tu.

MamaDuka_Sofia

😂 Jamani! Rula. Miaka sita ya daftari na sikuwaza rula.

Nakivale_Munyarugendo

Jambo wote. Mimi ni Mkongomani, niko kambini Nakivale, wilaya ya Isingiro, nina kibanda cha chumvi, mafuta na mihogo. Nimekaa kimya kwa sababu shida yangu haina mlango wa kubandikia.

Huku kwetu watu walikuwa wanakopa wakingoja posho ya mwezi kutoka Shirika la Chakula Duniani. Wewe unajua tarehe, mteja anajua tarehe, unaandika bila hofu. 2023 walianza kugawa watu kwa makundi, wengine wakapunguziwa. Mei 2025 pesa za wafadhili ziliisha, wakimbizi karibu milioni moja Uganda nzima wakatolewa kabisa kwenye mgao. Wateja wangu wengi wamo. Waliniambia watalipa tarehe fulani na hawakusema uongo. Tarehe ndiyo iliwadanganya.

Nimewafanyaje? Wale wenye mikono nimewaambia wanilimie kwa siku. Nina bustani ndogo ya maharage. Wengine wamekataa, wakasema mimi nimegeuka bosi. Ilikuwa rafiki yangu huyo aliyesema. Sasa hata sijui kama kumpa mtu kazi ili alipe deni ni huruma au ni kitu kingine, lakini maharage yalipaliliwa.

Nyanya_Kalerwe

Munyarugendo, ndugu, ungekuwa karibu ningekuletea nyanya. Pole.

Mkopeshaji_Mbale

Kumpa kazi ni sawa, mradi siku ya kazi uihesabu kwa bei ambayo ungemlipa mgeni. Ukimhesabia nusu kwa sababu anadaiwa, hapo umenunua ua.

Elgon_Kahawa

Mkopeshaji leo umesema neno. Nitakukopa.

Boda_Malaba

Mama Sofia, Ijumaa imepita. Vipi?

MamaDuka_Sofia

Nimechelewa kurudi kwa sababu naona haya kidogo. Wacha niseme yote.

Niliandika majina kwenye manila. Ndiyo. Alhamisi usiku, 22. Yule mama wa nyuma sikumweka, nilisema huyu hapana, huyu nitamsamehe kimyakimya. Asubuhi nikashindwa kubandika. Nikaikunja nikaiweka chini ya kaunta.

Lakini nina kijana anayenisaidia dukani, naye aliiona. Kufika saa sita mchana Sofia nzima inajua kuna karatasi. Sikusema neno na mtu. Jioni yule bwana wa gari alituma 212,000 kwenye simu, pamoja na ya kutolea, na ujumbe: "Jina langu ulitoe." Hakuna salamu. Jumamosi wakaja wengine. Kwa jumla watu tisa wamelipa, 530,000. Nilimpelekea mwenye duka la jumla laki tano na daftari lenye rula juu yake. Alicheka sana, akanipa wiki tatu.

Kwa hiyo Fundi, ulikuwa sahihi nusu. Mwalimu, najua unachotaka kusema. Sikubandika lakini karatasi ilifanya kazi yake ikiwa imelala. Bwana wa gari hajapita tena mbele ya duka. Mimi ninayejidai nina huruma nililipwa na hofu, na pesa nilipokea.

Sasa sikilizeni la Jumatatu. Yule mama alikuja. Akasimama pale pale anaposimama siku zote, hakuuliza watoto. Akasema, "Nasikia kuna karatasi. Nasikia mimi simo."

Nikamwambia ndiyo mama, wewe usijali, lile lako nimeliacha.

Nilidhani atashukuru. Alinitazama muda mrefu. "Umeliacha kwa nini? Wote walioandikwa ni watu unaotegemea watalipa. Mimi umeniweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kusema mambo ya marehemu mumewe, akaninyamazisha kwa mkono. Akafungua pindo la leso, akatoa noti ya 2,000, imekunjwa mara nne, akaweka juu ya kaunta. "Andika."

Nikaandika. 82,000.

Halafu akaomba sukari robo. Nikamuuliza analipa au niandike. Akasema niandike.

Hajjati_Bombo

Nimesoma hii mara tatu. Baba alikuwa anawasamehe watu bila kuwaambia, na sisi watoto tukimsifu. Leo najiuliza kama walipenda.

Mwl_Iganga

Sitasema nilichotaka kusema.

Mkopeshaji_Mbale

Robo ya sukari kwenu ni ngapi?

MamaDuka_Sofia

1,200.

Mkopeshaji_Mbale

Kwa hiyo deni limepungua 800.

MamaDuka_Sofia

Mia nane, ndiyo.

Fundi_Tororo

Na manila iko wapi?

MamaDuka_Sofia

Bado chini ya kaunta. Upande wa nyuma ni mweupe, mwanangu anautaka achore ramani ya Uganda ya shule. Nimemwambia asubiri nifute majina kwanza, na maka haifutiki.

Nyanya_Kalerwe

Gundisha karatasi nyingine juu. Au mnunulie mpya, mama, manila si bei ya kukopa 😂